Sahani ya Jirani Mbele ya Kamati

Tik.

Bado giza, adhana ya alfajiri haijalia, na kule jikoni kifuniko cha sufuria kilijiinua kidogo kikatua tena. Tik. Mwanapili alifumbua jicho moja, akatabasamu peke yake. Unga umeumuka. Unga wa mahamri ukishakolea hamira na joto la Gazi hauna haya wala subira. Unasukuma kifuniko kwa kichwa kama mtoto aliyechoka kufichwa, na ukichelewa kuuitikia utaukuta ushashuka sakafuni.

"Nimesikia sufuria," alisema Husna, binti yake wa miaka mitano, ambaye tayari alikuwa amekaa kitako kitandani, nywele zimesimama kama manyoya ya kifaranga.

"Na mimi nimeisikia. Inaniita mimi, haikuiti wewe. Lala."

"Itakuwa inatuita sote."

Kheri, baba Husna, aligeuka upande wa pili akavuta shuka. "Waambieni hao waheshimiwa," alisema kwa sauti ya usingizi, "na mimi nimo, langu moja lisiende Msambweni."

Mwanapili alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso. Tangu jana alikuwa hivyo, kicheko kinamtoka ovyo, maana mambo yenyewe yalikuwa ya kuchekesha ukiyatazama upande mmoja, na ya kuliza ukiyatazama upande wa pili, naye alikuwa ameamua kukaa upande wa kwanza kwa muda wote atakaoweza. Mahamri mia na hamsini, na sufuria ya mbaazi za nazi, yapelekwe ukumbini Msambweni kabla ya saa tatu. Yaliwe na nani? Na kamati ya bunge la kaunti, inayokuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya za chakula. Na kanuni hizo zinasema nini? Kwamba kuanzia mwezi ujao, jiko la Mwanapili lifungwe.

"Yaani niwapikie wanaokuja kunifungia jiko!" alikuwa amemwambia Abdurahman, afisa wa idara iliyoandika kanuni zenyewe, siku alipokuja kuleta oda.

Abdurahman alikuwa kijana mpole mwenye soni. Alitazama viatu vyake. "Dada, kanuni hazijaanza kutumika. Na mahamri ya pale mjini, wallahi, yamejaa mafuta."

Mwanapili aliwasha jiko, akaweka karai. Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na kitanda cha Husna, mlango mmoja na dirisha moja la kutazama mikoko. Kanuni ya tano ilitaka jiko la biashara liwe mbali na nyumba ya kulala, liwe na milango miwili, na vigae mpaka darini. Mwanapili hakuwa na pa kujenga jiko la namna hiyo wala pa kulikodi. Likifungwa lake, iliyobaki ni kazi ya kuosha vyombo katika mahoteli ya Galu: kutoka alfajiri, kurudi usiku, Husna alelewe na nani? Na darasa la jioni je? Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, akaolewa, akazaa, na mwaka jana akarudi kwa madaftari yake, huku wenziwe wakimtania wakimwita mwanagumbaru. Mtihani ulikuwa Novemba. Jiko likifungwa, na daftari limefungwa.

Ndipo alipozisoma kanuni zote kumi na nane, neno kwa neno, kwa kidole. Mwalimu Chome wa darasa la jioni ndiye aliyezileta ziwe zoezi la ufahamu.

"Bunge limeiruhusu idara kuandika kanuni," Mwalimu Chome aliwaeleza, chaki mkononi, "kwa sababu waheshimiwa hawawezi kukaa kutwa wanapima urefu wa kuta za majiko. Lakini ruhusa hiyo ina kamba. Idara ikishaandika, lazima ipeleke bungeni. Kamati inazisoma. Bunge lina siku zake za kusema hapana, kwa zote au kwa baadhi. Siku zikipita bila ya hapana, ndiyo imekuwa."

"Kama kumpa mtoto mkufu wako achezee," alisema Mwanapili, "huku unamtazama."

"Hasa! Tatizo letu ni kwamba wanaomtazama mtoto ni mama wawili, na hawasalimiani."

Darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mtu alijua. Kamati hiyo ilikuwa na watu watano. Watatu walikuwa wa chama cha Mnazi, chama cha gavana, nao walisema gavana amechaguliwa afanye kazi na bunge lisimshike shati. Wawili walikuwa wa chama cha Kandili, nao walisema gavana anapitisha sheria dirishani kama mwizi wa kuku. Kanuni za maegesho ya bodaboda, tatu kwa mbili. Kanuni za mabango, tatu kwa mbili. Watu walisema hata wakiulizwa kama leo ni Jumanne, itatoka tatu kwa mbili.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kamati ikae asubuhi, bunge likae saa nane unusu, basi.

Mahamri ya kwanza yalivimba ndani ya karai, mviringo na mekundu, yakageuka yenyewe. Husna, ambaye hakulala, aliyahesabu mpaka kumi na tisa kisha akaanza tena. Kwenye rafu, chini ya kawa, ilikuwako sahani ya jirani, Bi Mwanafatuma, yenye ukingo wa buluu, iliyokuja jana magharibi na wali wa nazi na kipande cha nguru. Mwanapili aliiona akasema moyoni, nitairudisha na mahamri manne ya moto. Mara tuktuk ikapiga honi nje, mara mbaazi zikataka kumwagika, mara Husna ana kiatu kimoja, na Bi Mwanafatuma mwenyewe yuko mlangoni amejifunga buibui analalamika kwamba wanachelewa. Sahani ikabaki pale pale.

*

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimejaa: mama wa viazi vya karai, mama wa samaki wa kukaanga, wauza kachiri, na wanaume wachache waliokuja kwa sababu walisikia kuna chai. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, Mnazi walikaa kulia na Kandili kushoto, na katikati alikaa mwenyekiti, Mheshimiwa Mwero, mtu wa Mnazi, mzee wa sauti ndogo na kengele kubwa.

Ugomvi wa kwanza ulikuja kabla kikao hakijafunguliwa.

"Tuanze na chai," alisema Mheshimiwa Suleiman wa Mnazi, mtu wa kitambi na kofia safi ya kazi ya mkono. "Wananchi wametoka mbali."

"Kila Mnazi wakiona hoja nzito hukimbilia birikani," alisema Mheshimiwa Nadhira wa Kandili, mwanamke mwembamba mwenye miwani na ulimi.

"Na Kandili wakiona chakula hujifanya wamefunga!"

Mheshimiwa Mwero alinusa. Harufu ya iliki ilikuwa imefika mezani. Aligonga kengele. "Wanaotaka chai kwanza?"

Mikono mitano ilikwenda juu. Karani wa kamati alitazama mikono hiyo, akaivua miwani akaifuta, akatazama tena, kisha akaandika. Haikuwahi kutokea.

Basi wakala. Kwa muda wa robo saa hapakuwa na vyama pale mbele, palikuwa na watu watano wanaochovya. Mheshimiwa Suleiman alichukua la tatu, akalipasua, akatazama mvuke. "Hii ni kazi," alisema. "Kapika nani?"

Abdurahman alianza kutafuta kalamu yake chini ya meza.

Halafu wakafuta vidole, na vyama vikarudi. Mzee mmoja alisimama akatoa maoni kuhusu barabara. Aliambiwa leo si barabara, ni chakula. Akasema hata chakula kinapita barabarani, akakaa akiwa ameridhika. Mheshimiwa Nadhira akaanza kusema kwamba idara imejichukulia madaraka ambayo bunge halikuipa, na Mheshimiwa Suleiman akamdaka katikati.

"Mkitaka kuandika kanuni, shindeni uchaguzi!"

"Mimi nilishinda. Wadi yangu, kwa kura. Na humo umo wewe na mkeo. Wewe uliyeteuliwa na chama, nani alikupigia?"

"Nimeteuliwa kwa sifa!"

"Sifa gani, ya kula mahamri matatu?"

Watu wakapiga makofi, Mheshimiwa Mwero akapiga kengele, na Mwanapili akasikia jina lake likiitwa na karani. Dakika tatu.

Alishika karatasi yake aliyoikunja mara nne, akaikunjua.

"Shikamooni, waheshimiwa."

"Marahaba," wakaitikia wote watano kwa pamoja, na jambo hilo likampa moyo kidogo.

"Jina langu Mwanapili, natoka Gazi. Mahamri mliyokula nimepika mimi."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipiga mluzi. Mheshimiwa Suleiman aliifuta midomo mara nyingine tena, haraka, kama mtu anayeondoa ushahidi.

"Nimeyapika katika jiko lenye mlango mmoja," aliendelea Mwanapili, na sasa sauti yake ilikuwa imepata njia. "Kanuni ya tano inataka miwili. Sijui wa pili ungepitisha nini, maana mahamri yote yametoka kwa huo mmoja."

"Afisa wa idara," alisema Mheshimiwa Nadhira, mtamu kama asali, "jiko la mama huyu umewahi kulikagua?"

Abdurahman alisimama polepole. "Mara mbili, Mheshimiwa."

"Ukalionaje?"

"Safi." Akatazama viatu vyake. "Ni safi kuliko la ofisini kwetu."

Kengele ilibidi igongwe muda mrefu. Ukumbi ulipotulia, Mwanapili alisema, "Lakini mimi nimekuja na jambo jingine. Naomba niwasomee kanuni ya pili, kile kifungu cha kueleza maana za maneno." Akasoma, kwa kidole, kama darasani. "*Muuza chakula ni mtu yeyote anayetoa nje ya nyumba yake chakula kilichopikwa, kwa malipo au kwa kupokea kitu chochote badala yake.*" Akainua macho. "Kitu chochote. Sasa, waheshimiwa, jana magharibi jirani yangu Bi Mwanafatuma, yule pale nyuma, kaniletea wali wa nazi. Sahani yake mimi nitairudisha na mahamri. Basi kwa kifungu hiki Bi Mwanafatuma ni muuza chakula. Anahitaji leseni, na vigae mpaka darini."

Wanawake wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa akihesabu sahani: iliyotoka, iliyoingia, bakuli la mchuzi wa Ijumaa, kaimati, tambi. Kisha mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Jamani, na Ramadhani imebaki wiki tatu!"

"Futari!" akapaza mwingine.

"Mtaa mzima utafungwa!"

"Waheshimiwa, waheshimiwa," alisema Abdurahman, mikono juu. "Maneno yale yaliwalenga wale wanaolipwa kwa mchele na sukari ili wakwepe leseni. Majirani hawakukusudiwa."

"Kaka Abdurahman," alisema Mwanapili, na alisema kwa upole, kwa sababu alimpenda kijana huyo, "wewe nakuamini. Hutamfungia mtu jiko kwa sababu ya sahani. Lakini wewe utahamishwa. Karatasi haihamishwi. Atakuja mwingine, ataisoma kama ilivyo, na sisi tutakuwa tunafuturu kwa hisani yake."

Abdurahman alishusha mikono. Alikaa, akaandika kitu.

Mheshimiwa Suleiman ndiye aliyeinuka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa chama, na chama chake kilikuwa kinapigwa. "Mwenyekiti, mama huyu ana maneno mazuri. Lakini amekosea. Watu wa kwetu wakitoa sahani wanatoa kwa ajili ya Mungu, hawangoji kitu. Hakuna *badala* hapo. Na nitathibitisha sasa hivi." Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani, akawasha spika. Mheshimiwa Nadhira, ambaye ukuta wa nyumba yake na wa Suleiman ni mmoja, alifumba macho kama mtu aonaye pikipiki inakwenda mtaroni.

"Warda," alisema Suleiman, "niko kazini, niko mbele ya watu. Nijibu kwa ufupi. Juzi ulipompelekea Nadhira pilau, ulikuwa wangoja kitu kwake?"

"Ningoje nini kwa Nadhira?" ilisema sauti ya mkewe, na nyuma yake mtu alikuwa akikuna nazi.

Suleiman alitandaza mikono kwa ukumbi mzima. Mmesikia?

"Lakini sahani irudi tupu?" Warda aliendelea. "Kwani mimi nimemkosea nini? Sahani ikirudi tupu si ugomvi huo? Mwenzangu ana adabu zake, kairudisha na kaimati, na wewe ndiwe uliyezila zote, usijitie hujui. Na ukimwona mwambie bakuli langu la maua liko kwake tangu Idi."

Hapo palikuwa hapana tena kikao. Palikuwa na watu wanaoegemeana. Mama wa viazi alitelemka kwenye kiti. Mheshimiwa Garama, mtu wa tatu wa Mnazi, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alikuwa ameweka paji la uso juu ya kitambaa cha kijani na mabega yanamtikisika.

"Litarudi leo, Warda!" alipaza Mheshimiwa Nadhira kuelekea simu. "Na kitu ndani!"

"Nadhira! Kumbe uko hapo, mwenzangu? Mbona mwanamume huyu hakusema?"

Kengele, kengele, kengele. Simu ikazimwa.

"Mwenyekiti," alisema Nadhira akifuta machozi, "naomba iandikwe kwamba nyumba ya Mheshimiwa Suleiman inafanya biashara ya pilau bila leseni."

"Na yake ya kaimati!" alisema Suleiman, na yeye mwenyewe akashindwa, akacheka.

Moyo wa Mwanapili ulipaa. Imekwisha, alifikiri, wamecheka pamoja. Lakini Nadhira alivaa miwani yake tena, akakaa sawa, na akawa Kandili. "Kwa hiyo natoa hoja. Kanuni zote kumi na nane zibatilishwe, na tutoke hapo nje tuwaambie waandishi wa habari kwamba gavana ameshindwa hata kuandika."

Kicheko cha Suleiman kilikatika kama uzi. "Aa. Hapo ndipo nilipokuwa nikikungoja. Kandili hawataki usafi, wanataka kichwa cha gavana. Mimi napinga. Mnazi tunapinga."

Garama aliinua kichwa, akaacha kutabasamu. Mwenyekiti Mwero alitazama kulia na kushoto, na Mwanapili akaiona inakuja, ile tatu kwa mbili, inatembea kuelekea jikoni kwake. Aliona Galu, na beseni la vyombo vya watu, na Husna amekaa kizingitini kwa mtu akingoja jua lizame. Alikuwa bado amesimama. Akainua mkono.

"Dakika zako tatu zimekwisha, mwanangu," alisema Mwero, na kwa sauti yake alionekana kusikitika.

"Mpe zangu!" ilipaa sauti ya Bi Mwanafatuma kutoka nyuma. "Nimejiandikisha namba kumi na mbili, sina la kusema, nilikuja kumsindikiza. Mpe zangu!"

Karani alitazama daftari lake. Halikusema kwamba inaruhusiwa, wala halikukataza. Mwero akaashiria kwa kichwa.

"Waheshimiwa," alisema Mwanapili, "naomba msizitupe zote. Kanuni ya tisa inasema maji yafunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Hiyo naitaka mimi. Mwanangu naye hununua vya watu shuleni, sitaki aumwe tumbo. Ya kumi na moja inakataza mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi. Hiyo aliyeiandika Mungu ambariki. Ziacheni. Toeni cha pili na cha tano, basi, vile viwili. Idara ikaviandike upya, na kabla haijaandika ije ikae kwenye majiko yetu ione tunavyopika. Chai itakuwepo." Alivuta pumzi. "Mheshimiwa Nadhira, ukikosa kumi na sita hutakuwa umeshindwa, mimi nitakuwa na jiko. Mheshimiwa Suleiman, ukitoa viwili gavana hataanguka. Na nyinyi mnarudi nyumba zilizoshikana ukuta. Mimi nitarudi wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa Nadhira alikuwa ameivua miwani, anaichezea. Suleiman aliirekebisha kofia yake ambayo haikuwa imepinda.

"Nadhira," alisema hatimaye, bila ya mheshimiwa, "ukiacha waandishi wa habari, mimi nakuachia viwili."

"Nikiacha waandishi wa habari, kule chamani watasema nimelishwa mahamri."

"Si umelishwa?"

Nadhira aliangua kicheko kingine, na hiki hakikuwa cha Kandili. "Nimelishwa. Haya. Viwili."

"Lakini iandikwe," alisema Suleiman, kidole juu, "kwamba chama cha Mnazi hakikushindwa. Kilisoma kikagundua."

"Iandikwe kwamba Kandili walisoma mwanzo!"

Mheshimiwa Mwero aligonga kengele mara moja tu. "Karani, andika kwamba aliyesoma ni mama huyu. Hawa wengine tulisomewa. Wanaokubali vifungu viwili vibatilishwe?"

Mikono mitano. Karani aliandika, na wino wa kalamu yake ukaisha katikati ya neno *kwa pamoja*, Abdurahman akamkabidhi yake.

*

Lakini bado ilikuwa kazi ya kamati tu. Bunge lenyewe lilikuwa likae saa nane unusu, na mpaka saa kumi Mwanapili alikuwa ameosha sufuria moja mara tatu. Kheri alirudi kutoka kitalu cha miche ya mikoko, matope mpaka magotini, akataka kusimuliwa tangu mwanzo, na hadithi ilipofika kwa Warda akalala chali uani akicheka, akataka asimuliwe tena pale pale. Akala mahamri yake mawili yaliyofichwa. Moja aliloliomba na moja la ziada.

Simu ililia saa kumi na moja kasoro. Mwanapili hakuthubutu kuishika. Husna ndiye aliyeishika, akaiweka kwenye sikio la mama yake kwa mikono miwili.

"Dada," alisema Abdurahman, na nyuma yake palikuwa na makelele kama ya harusi. "Imepita. Pande zote mbili. Spika aliuliza mara mbili kama hawajakosea. Kifungu cha pili na cha tano vimefutwa. Na mimi nimetumwa nije kwenu wiki ijayo na kalamu na karatasi, nikae jikoni, tuandike vile inavyotakiwa." Akashusha sauti. "Na pia, kama hutajali, kuna oda."

Mwanapili alijaribu kusema inshaallah, ikamtoka sauti tu. Alimnyanyua Husna, akazunguka naye uani, leso ikamdondoka, kuku wakatawanyika, Kheri akapiga kigelegele kama mwanamke, na Bi Mwanafatuma akatokeza kichwa juu ya ua akauliza kama ni habari njema au moto. "Njema!" walipaza wote. Basi naye akapiga vigelegele vyake, na nyumba ya pili ikaitikia bila ya kujua kwa nini, na ya tatu. Mwanapili akaingia jikoni, akasimama katikati ya chumba kile chenye mlango mmoja, akaushika ukuta kwa kiganja, ukuta wa moto bado, ule wa upande wa kitanda cha mwanawe. Akavuta daftari lake la jioni kutoka juu ya gunia la unga. Saa kumi na mbili Mwalimu Chome atakuwa darasani, na leo zoezi la ufahamu atalisimulia yeye.

Husna alikuwa amepanda kigoda mbele ya rafu, amefunua kawa, anatazama.

"Mama," alisema, "sahani ya Bi Mwanafatuma hatujairudisha."